Mkono Laini wa Bonareri

Mradi wa kuchunguza nimonia ya watoto ulifunguliwa katika hospitali yetu mwezi wa Agosti 1996, na kufikia Oktoba akina mama walikuwa wameanza kuukimbia. Hospitali ilikuwa ya misheni, ndogo, kwenye kilima kando ya barabara ya kutoka Migori kwenda Homa Bay. Nyuma ya wodi ya watoto palikuwa na ua wa minyaa wenye pengo. Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu, na kila asubuhi nikifungua dirisha la ofisi yangu nilimwona mama mmoja au wawili wakipenya pale na watoto mgongoni, wakirudi nyumbani kabla hawajaitwa.

Walikuwa wanamkimbia Cephas. Cephas alikuwa nesi wa miaka mingi, mwaminifu, lakini mkono wake haukujua kubembeleza. Mradi ulimpa kazi ya kuchukua kamasi za watoto waliokuwa wakipumua kwa shida. Kuieleza kazi hiyo ni rahisi. Unachukua mpira mwembamba, unaupima kutoka ncha ya pua ya mtoto hadi ndewe ya sikio lake, unatia alama. Kisha unauingiza puani mpaka alama ifike, na unavuta kamasi za huko ndani kwa bomba la sindano. Cephas alifanya hivyo hasa. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na mara nyingine mpira ulitoka na damu. Mama akiona damu hakutaka maelezo mengine.

Ndipo daktari mkuu akamkumbuka Bonareri.

Bonareri alikuwa Mkisii, Msabato, mwenye miaka thelathini na minne. Alifika Migori akimfuata mumewe, Mayaka, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwa nesi. Kazi yake kwetu ilikuwa kuosha watoto na kuwapima uzito, lakini akina mama walimwita Sista, na hakuna aliyewahi kuwasahihisha. Mtoto aliyekuwa akipiga mayowe mikononi mwa mtu mwingine, kwa Bonareri alinyamaza. Alikuwa anamwimbia kwa Kikisii, sauti ya chini, huku akimkanda nyayo kwa kidole gumba.

Cephas alimfundisha asubuhi moja tu. Tangu siku hiyo Bonareri ndiye aliyechukua sampuli siku zote isipokuwa Jumamosi, siku yake ya Sabato, ambapo Cephas alishika zamu. Watoto waliacha kulia. Nasema kweli, waliacha. Unaweza kupita nje ya chumba kile usijue kuna mtoto ndani. Mafundi waliliziba lile pengo la ua na halikufunguka tena. Daktari mkuu alimsifu mbele ya wageni wa mradi, na mimi nilifurahi kwa ajili yake, maana alikuwa rafiki yangu.

Sampuli zilitiwa kwenye boksi la barafu na kupelekwa Homa Bay kwa pikapu ya mradi. Huko, katika maabara iliyokodishwa karibu na soko, kulikuwa na mtaalamu anayeitwa Jared Obare. Yeye alizitazama kwa darubini, na kesho yake saa kumi jioni alitusomea majibu kwa redio ya mawasiliano. Mimi nilikaa na daftari. Namba arobaini na moja, hakipo. Namba arobaini na mbili, kipo. Fomu ya mradi ilikuwa na visanduku viwili tu, kimoja cha kipo na kingine cha hakipo, nami nilitia alama palipostahili.

Kilichotafutwa kilikuwa kirusi cha kifua, kile kinachowapata watoto wadogo msimu wa mvua. Hakina dawa, lakini kinaambukiza upesi. Kwa hiyo daktari mkuu aliweka sheria. Mtoto mwenye kirusi alazwe katika chumba cha mwisho wa baraza, pamoja na wenye kirusi hicho tu. Asiye nacho alazwe wodi kubwa, pamoja na waliotoka kuugua surua, wenye utapiamlo, na wale waliozaliwa kabla ya wakati. Ilikuwa sheria nzuri. Ilitegemea jibu la Homa Bay liwe la kweli.

Lazima niseme pia kuhusu neno lenyewe. Miaka ile, kwetu, neno virusi lilikuwa na maana moja. Kulikuwa na maboma kule Karungu ambayo milango yake ilifungwa kwa mnyororo kwa sababu hakubaki mtu mzima wa kuifungua. Mama akiambiwa mtoto wake apimwe virusi, alisikia hukumu yake mwenyewe, na ya mumewe, na ya wale watakaozaliwa. Daktari mkuu alituagiza tueleze kwamba hiki ni kingine, ni cha kifua, kinakuja na kuondoka kama homa ya mafua. Bonareri alimweleza kila mama. Mama alitikisa kichwa kukubali, na macho yake yalibaki palepale.

Phelesia alikuja katikati ya Aprili 1997, mvua zikiwa nyingi. Alikuwa mjane wa miaka ishirini na mitatu kutoka Karungu. Mumewe alikuwa amekufa Novemba, baada ya kukonda mwaka mzima. Alimleta mwanawe Bonface, wa miezi minane, kifua kikiingia ndani kila akivuta pumzi. Bonareri alimpakata mtoto, akamwimbia, akachukua sampuli. Bonface hakulia. Phelesia alikaa barazani siku nzima bila kugusa chakula.

Kesho yake nilisikia redioni: namba mia moja thelathini na tisa, hakipo. Bonareri alitaka aende mwenyewe kumwambia. Nilifuatana naye, faili mkononi.

Phelesia alisimama alipotuona. "Sista, yuko na virusi?"

"Hana," Bonareri akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Phelesia alipiga magoti akamshika Bonareri miguu. Alilia, akasema maneno kwa Kijaluo, akataja jina la marehemu mumewe, akacheka. Nilimtazama Bonareri na nikaona kwamba ameelewa ni virusi vipi mama huyu aliuliza. Alifungua kinywa. Kisha akamwinua Phelesia kwa mabega, akampangusa uso kwa kanga, na hakusema lolote. Mimi pia nilikuwepo, na sikusema.

Bonface akalazwa wodi kubwa, kitanda cha karibu na dirisha. Kitanda cha pili kilikuwa cha Weigesa, mama wa Kikuria kutoka upande wa Kehancha, mwenye pacha waliozaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, Nyamhanga na dada yake Boke. Walikuwa pale wiki ya tano wakiongezwa uzito. Phelesia, kwa ile furaha yake, alikuwa mwema kwa kila mtu. Weigesa akienda kuoga, Phelesia alimshika Nyamhanga kifuani huku Bonface akikohoa kando yake. Walizungumza Kiswahili cha kubahatisha na walicheka pamoja.

Siku ya sita Nyamhanga aliacha kunyonya. Hakukohoa sana. Alilala kimya, halafu akawa kama anasahau kupumua. Weigesa alimgusa nyayo, mtoto akakumbuka, akapumua tena. Adhuhuri ya siku ya saba aliguswa nyayo na hakukumbuka. Weigesa aliendelea kumgusa kwa muda mrefu, na wenye vitanda vya jirani walikuwa wanatazama pembeni.

Baada ya Nyamhanga walifuata wengine. Katika siku kumi na mbili watoto tisa waliokuwa wakipata nafuu walianza kupumua vibaya, na wanne wakafa. Daktari mkuu alibadilisha dawa. Aliagiza kuta zioshwe, akatilia mashaka maji ya tangi, akaulizia jikoni. Bonareri alichukua sampuli za wagonjwa wote wapya, pamoja na ya Nyamhanga siku moja kabla hajafa. Majibu yakaja: hakipo, hakipo, hakipo. Watu wakaanza kunong'ona. Msafishaji mmoja alisema wodi imeingiwa na pepo, akakataa kuideki peke yake. Hata mimi nilikuwa nikipita pale naharakisha.

Jumamosi ya Sabato ikafika, Cephas akashika zamu, akachukua sampuli za watoto watatu. Majibu ya wote watatu yakaja: kipo.

Nilikuwa natia alama fomuni nikasimamisha kalamu. Nilirudi nyuma kwenye daftari langu, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka Oktoba. Watoto waliopimwa Jumamosi walikuwa thelathini na mmoja, na kumi na wawili kati yao walikuwa na kirusi. Waliopimwa siku nyingine walikuwa mia moja na wanane, na waliokuwa nacho ni tisa tu. Nilihesabu mara tatu. Nilijaribu kufikiri kwamba barafu inayeyuka siku za kazi, lakini sampuli za Jumamosi ndizo zilizolala kwenye friji mpaka Jumapili, na bado zilikuwa na majibu. Hakukuwa na tofauti nyingine. Tofauti ilikuwa mkono.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Bonareri alikuja ofisini kunipa ndizi za kwao, tukaongea habari za wanawe, nami sikuweza kumtazama usoni. Siku ya tatu nilibonyeza redio nikamuuliza Jared. Akasema njoo na daftari, na uje na Bonareri.

Jared alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na alitupokea kwa heshima ya mtu anayejua kwamba atawaumiza wageni wake. Alituingiza katika chumba chenye pazia jeusi. Darubini ilikuwa pale, na taa yake ilinguruma kwa chini. Alieleza kwamba kamasi zinazungushwa kwa mashine mpaka seli zishuke chini, seli zinapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, na ile iliyo na kirusi inang'aa kijani.

"Hiki ni kioo cha Jumamosi," akasema.

Bonareri aliinama. Aliniambia nami nitazame. Kulikuwa na seli nyingi nyekundu, zimejaa kama makaa yanayofifia, na katikati yao baadhi zilikuwa na mng'ao wa kijani kibichi. Zilikuwa nzuri, na nilitishika kwa uzuri wake.

Jared akatoa kioo hicho akaweka kingine. Bonareri aliinama tena. Alikaa muda mrefu, akizungusha kile kishikio cha kusogezea kioo kama alivyoonyeshwa.

"Sioni kitu," akasema.

"Tafuta."

"Nimetafuta. Ni giza."

"Ni giza," Jared akasema. "Kuna seli mbili pembeni huko, na zote mbili ni nzima. Sasa mimi ninaulizwa kipo au hakipo. Niandike nini?"

"Hiki ni cha nani?"

"Mia moja thelathini na tisa."

Bonareri hakuhitaji daftari langu kujua kwamba ni Bonface. Aliinua kichwa, na duara la darubini lilikuwa limejichora kuzunguka jicho lake. Jared aliendelea kuongea, taratibu, akitazama mikono yake. Alisema sampuli nzuri inakuwa na seli mamia. Za Bonareri nyingi zilikuwa hivi, kamasi tupu. Alikuwa ameliona hilo tangu Desemba. Alimwandikia mkubwa wake Nairobi barua moja, haikujibiwa, na fomu haikuwa na mahali pa kusema kwamba hakuna cha kutazamwa. Alipaswa kutuita kwa redio. Hakutuita. Kwa hiyo alisoma hakipo, nami nikaandika hakipo.

"Kamasi zangu zilikuwa za wapi?" Bonareri akauliza.

"Za mbele tu. Seli tunazozitaka ziko huko nyuma, mpira ukifika kwenye alama. Wewe hukuwa unaifikia alama."

"Alikuwa anaanza kulia, nasimama."

"Ndiyo," Jared akasema. "Hapo ndipo."

Tukirudi, tulipita Rongo. Hapo aliniuliza ni wangapi. Nilimwambia sijui. Nilijua, na alijua kwamba najua, na hakuniuliza tena.

Hakufukuzwa kazi. Daktari mkuu alituita sote na kusema kosa ni letu wote, lake kwanza, kwa sababu alifurahia utulivu na hakuuliza unatoka wapi. Alinipa rula nichore kisanduku cha tatu katika kila fomu, cha kusema seli hazitoshi, rudia. Mtoto wa jibu hilo hakuruhusiwa kuingia wodi kubwa. Cephas alimfundisha Bonareri upya, safari hii wiki nzima.

Akajifunza. Alipima pua hadi sikio, akatia alama, akaingiza mpaka alama. Watoto walilia mikononi mwake kama walivyolia kwa Cephas. Aliacha kuwaimbia. Mama mmoja alinijia ofisini kuuliza Sista ameingiwa na nini. Majibu ya kipo yaliongezeka, chumba cha mwisho wa baraza kikajaa, na wodi kubwa ikatulia. Kwa hesabu, mambo yalikuwa mazuri.

Lakini Bonareri alibadilika. Mayaka aliniambia kwamba kanisani, mahubiri yakiendelea, anamwona mkewe akitazama watoto wa watu, na kidole chake kinatembea gotini, kidogo kidogo, kama anapima. Nyumbani mtoto wao wa mwisho akilala alimwamsha. Wodini hakuweza kustahimili mtoto aliyetulia. Alikwenda akasimama juu ya kitanda, akainama, akasikiliza pumzi, akaenda kwa kingine, na alipomaliza safu alianza upya. Mtoto akilia, ndipo uso wake ulipolegea.

Mwezi wa Julai aliamua kwenda Karungu. Tulikwenda pamoja, kwa sababu jambo ambalo hakumwambia Phelesia, mimi pia sikumwambia.

Bonface alikuwa amepona, mnene, anatambaa mlangoni. Phelesia alitukaribisha kwa furaha, akatuandalia ngege na ugali, akatuambia habari njema. Shemeji yake, ambaye tangu mazishi alikuwa anakataa kumrithi awe mkewe, sasa amekubali. Wazee wa boma walisikia kwamba mtoto alipimwa hospitali ya misheni na hakuonekana na virusi. Ikiwa mtoto hana, mama hana. Nyumba mpya ilikuwa imeshaezekwa.

Bonareri hakugusa samaki. "Kipimo kile hakikuwa cha ugonjwa ule," akasema. "Kilikuwa cha kifua tu. Na hata hicho cha kifua, sikukifanya vizuri."

Phelesia aliweka tonge chini. "Mbona hukusema siku ile?"

"Ulikuwa umefurahi."

Phelesia alifunika chakula kwa sinia nyingine, polepole, kama kwamba kuna mtu amelala chumbani. Bonareri alimwambia kwamba Homa Bay sasa wanaweza kupima ugonjwa ule kwa damu, kwamba atakwenda naye, kwamba kwenda kupimwa si kusema anao. Phelesia akasema, "Usiseme neno hilo hapa tena, dada. Watu wa hapa wameshalisikia lile la kwanza." Alitusindikiza hadi barabarani, Bonface ubavuni, na alitupungia mkono kama mwenyeji mwema. Hakwenda Homa Bay. Mwanzoni mwa mwaka wa 1999 alilazwa kwetu, wodi ya wanawake, na Bonareri ndiye aliyemwosha kila asubuhi mpaka Machi, alipofariki. Waliongea habari za mvua na bei ya sabuni. Shemeji alimfuata kabla ya mwaka kwisha.

Kwa Weigesa alikwenda peke yake, mwezi wa Agosti, mwaka uleule wa 1997. Aliponisimulia baadaye hakuongeza chumvi yoyote. Aliwakuta Weigesa na mumewe, Magige, wakifunga majani ya tumbaku. Boke alikuwa amelazwa juu ya gunia kivulini. Bonareri alieleza yote akiwa amesimama, kuanzia mpira hadi kile kioo cha giza. Magige aliinuka akaenda nyuma ya banda na hakurudi. Weigesa aliendelea kufunga majani.

"Nyamhanga naye ulimpima wewe?"

"Mimi."

"Hakulia."

"Hakulia."

"Nilikushukuru siku ile," Weigesa akasema. "Nilikuombea."

Bonareri akasema anakumbuka. Kisha Boke akakohoa juu ya gunia, na Weigesa akaacha majani. "Huyu anakohoa tangu Jumapili. Kesho tunakuja. Nataka umpime wewe, mbele yangu."

Walikuja. Mimi nilikuwepo chumbani kuandika namba. Weigesa mwenyewe alishika kichwa cha binti yake. Bonareri alipima, akatia alama, akamwonyesha Weigesa alama. Boke alipiga kelele zilizosikika hadi jikoni, akageuka rangi, akatapika, na Bonareri hakusimama mpaka alama ilipofika mlango wa pua. Jasho lilikuwa linamtoka. Weigesa hakutazama mtoto. Alitazama mkono.

Kesho yake saa kumi Jared akasoma: namba mia mbili na saba, seli za kutosha, hakipo. Sauti yake ilikuwa na furaha kidogo. Kabla sijaandika, Bonareri alichukua kipaza sauti mkononi mwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe.

"Jared, una uhakika kiasi gani?"

Redio ilikwaruza. "Sampuli ni nzuri, mama."

"Nimeuliza una uhakika kiasi gani."

"Watoto kumi walio nacho, mimi nitawaona wanane. Siku nzuri, tisa."

"Na huyo wa kumi?"

"Huyo simwoni," akasema.

"Basi ungekuwa wewe, ungemlaza wapi?"

"Peke yake."

Tuliondoa mashuka kwenye stoo, tukaweka kitanda humo. Daktari mkuu alilalamika kwamba hatuwezi kumpa kila mtoto stoo, na alikuwa na haki, hatukuweza. Lakini Boke alipewa. Weigesa alikaa naye siku kumi na moja, na Bonareri alipita kila saa, akasimama mlangoni bila kuingia, mpaka asikie kikohozi. Boke alipona akarudi Kehancha. Kilichokuwa kinamkohoza hatukukijua.

Mradi ulifungwa mwaka wa 1998. Jared alihamia Kisumu, darubini ikafungwa kwenye sanduku na kuondoka na watu wake. Bonareri alirudi kwenye kuosha na kupima uzito. Lakini mwezi wa Novemba 1999 mradi mwingine ulikuja, na wakaletwa wanafunzi sita wa unesi wafundishwe kuchukua sampuli. Cephas alikuwa amestaafu. Daktari mkuu akamwomba Bonareri.

Aliwaambia hatawapa mtoto yeyote kabla hawajapitisha mpira kwa mtu mzima. Wakatazamana, kila mmoja akitafuta nani atajitolea. Bonareri akavua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye kiti, akaegemeza kichwa ukutani. Mimi nilishika beseni.

Wa kwanza alikuwa msichana wa Rongo anayeitwa Caren. Alipima kutoka pua ya Bonareri hadi sikio, akatia alama, akaanza kuingiza. Machozi yalimtoka Bonareri, koo likamruka, na Caren akasimama, akaanza kuurudisha mpira nje, akiomba msamaha.

Bonareri alimshika kifundo cha mkono, hakukiachia.

"Bado," akasema. "Endelea."

Wa nne alipomaliza, kulikuwa na damu kwenye beseni. Nilisema inatosha kwa leo. Alijipangusa, akaegemeza kichwa tena, akamwita wa tano.